Ukumbi wa St Andrew's, Glasgow, 1914: walinzi wa Bi. Pankhurst walishindwa wapi?

Jioni ya Jumatatu, tarehe 9 Machi 1914, watu zaidi ya 4,000 walijaa katika Ukumbi wa St Andrew's mjini Glasgow, Scotland, kumsubiri mwanamke aliyekuwa akisakwa na polisi. Emmeline Pankhurst alikuwa na umri wa miaka 55, mjane, mwili umedhoofu kwa mgomo wa kula mara baada ya mara. Yeye ndiye aliyekianzisha chama cha Women's Social and Political Union (WSPU) mjini Manchester mwaka 1903 ili wanawake wa Uingereza wapate haki ya kupiga kura. Hakuficha kwamba angekuja Glasgow. Mkutano ulitangazwa, tiketi zikauzwa, na polisi wakalizingira jengo wakiwa na hakika kwamba safari hii hatapita.

Akapita. Aliingia kwa tiketi kama mtazamaji mwingine yeyote, akapenya mpaka jukwaani, na watu walipomtambua alikuwa ameshaanza kusema. Aliwaambia kwamba alitoa ahadi ya kufika na ameitimiza, ijapokuwa serikali ya Mfalme haikutaka. Nyuma yake, kwenye viti vilivyopangwa nusu duara, walikaa wanawake wapatao 25 waliosafiri usiku kucha kwa treni kutoka London, behewa la daraja la tatu. Waliitwa the Bodyguard, yaani walinzi wake. Walikuwa wamefunzwa jujutsu, sanaa ya Kijapani ya kupigana, na ndani ya nguo zao ndefu walikuwa wameficha virungu vya mbao.

Pankhurst hakumaliza hotuba. Zilisikika nyayo nzito za viatu, milango ikafunguka, na kundi kubwa la polisi, wenye sare na wenye nguo za kiraia, likasonga mbele moja kwa moja kuelekea jukwaani. Jukwaa lilipambwa kwa maua na vitambaa, na chini ya mapambo hayo wanawake walikuwa wamefunga seng'enge. Polisi wa kwanza walioliparamia walinasa mikono kwenye miiba. Wakarushiwa vyungu vya maua na viti. Walinzi wakachomoa virungu, polisi nao wakainua vyao, na mbele ya halaiki ile ya raia waliolipa kiingilio kusikiliza hotuba yakaanza mapambano ya rungu kwa rungu. Katikati ya vurugu mwanamke mmoja alifyatua bastola iliyojazwa baruti bila risasi, na mlio ule ukawarudisha polisi nyuma kwa muda. Anayetajwa mara nyingi kuwa ndiye ni Janie Allan, mtoto wa ukoo tajiri wenye kampuni ya meli ya Allan Line, aliyekuwa nguzo ya harakati hizi katika Glasgow.

Mwisho wake unajulikana. Pankhurst alikamatwa, akaburutwa kutoka ukumbini, akasukumwa ndani ya gari, akalala mahabusu usiku ule, na kesho yake akasafirishwa kwa treni hadi gereza la Holloway, London.

Kisa hiki husimuliwa sana siku hizi, hasa na walimu wa kujilinda, kama ushahidi kwamba mwanamke aliyefunzwa anaweza kumkabili askari mwenye rungu. Ujasiri wa wanawake wale naukubali bila masharti. Lakini walikwenda Glasgow na kazi moja, kumzuia Pankhurst asikamatwe, na kazi hiyo haikufanikiwa. Wiki nne kabla, kundi hilihili liliwashinda polisi wa London kwa hila kuliko kwa mapigano. Nataka kuelewa tofauti ya usiku ule wa Februari na huu wa Machi, na kwa maoni yangu jibu limo ndani ya jujutsu yenyewe, katika kanuni walizofundishwa kwa mikono na miguu lakini ambazo Glasgow walizisahau katika kupanga.

Sheria iliyozaa walinzi

Huwezi kuuelewa usiku ule bila kuelewa kwa nini kiongozi wa chama cha siasa alihitaji walinzi dhidi ya polisi wa nchi yake.

Kuanzia mwaka 1909 wanawake waliofungwa kwa ajili ya madai ya kura walianza kugoma kula. Serikali ikajibu kwa kuwalisha kwa nguvu, mpira ukipitishwa puani au kooni huku wamekandamizwa na wauguzi na askari jela. Ilikuwa adha ya kutisha, na kila habari zake zilipotoka magazetini serikali ilizidi kuaibika. Basi mwezi Aprili 1913, Waziri wa Mambo ya Ndani akiwa Reginald McKenna, Bunge likapitisha sheria mpya. Mfungwa aliyegoma kula angeachiwa afya yake ikizorota, aende kujiuguza, kisha akipata nafuu akamatwe tena aendelee na kifungo chake. Watu waliibatiza Sheria ya Paka na Panya.

Mwezi huohuo wa Aprili Pankhurst alihukumiwa miaka mitatu ya kifungo cha kazi ngumu. Kosa lilikuwa kuchochea, baada ya nyumba iliyokuwa ikijengwa kwa ajili ya Waziri wa Fedha, David Lloyd George, kulipuliwa kwa bomu mwezi Februari. Kwa sheria mpya, miaka hiyo mitatu ingeweza kuliwa vipande vipande, siku chache jela, siku chache kitandani, mpaka mwili uishe. Kila alipotoka, polisi walikaa nje ya nyumba aliyolala. Kila alipotaka kuhutubia, ilibidi awapite.

Kwa hiyo kazi ya walinzi ilikuwa nyembamba na ya wazi. Hawakutakiwa kuwashinda polisi. Hakuna kikundi cha wanawake 25 au 30 kingeweza kuishinda dola. Walitakiwa kuwachelewesha, kuwapotezea njia, kununua dakika za kutosha mtu mmoja atoke mlango huu aingie gari lile. Aliyewekwa kuwaongoza ni Gertrude Harding, binti wa Kikanada kutoka New Brunswick. Aliyewafunza alikuwa mwalimu mwenye kimo cha sentimita 150, Edith Garrud.

Kutoka klabu ya mabwana hadi mikononi mwa wanawake

Uingereza ya Malkia Victoria ilikuwa na hofu ya muda mrefu ya kushambuliwa njiani. Mwaka 1862 London ilikumbwa na taharuki ya vibaka waliowakaba watu shingo kwa nyuma, roba kama tunavyoijua, na mmoja wa walioporwa usiku alikuwa mbunge. Mwaka uliofuata Bunge likaruhusu wahalifu wa namna hiyo kuchapwa viboko. Waungwana walikuwa na ngumi zao, zilizowekewa kanuni za Queensberry mwaka 1867, lakini ngumi za kanuni zina refa, zina glavu na zina raundi. Kibaka wa uchochoroni hana hata kimoja.

Aliyeiona nafasi hiyo ni Edward William Barton-Wright, mhandisi aliyezaliwa Bangalore, India, mwaka 1860. Kazi ilimpeleka Japani, na huko Kobe akajifunza jujutsu. Aliporudi London mwaka 1898 akaunganisha mambo manne: jujutsu, ngumi za Kiingereza, mateke ya Kifaransa, na upiganaji wa bakora wa Mswisi Pierre Vigny. Mchanganyiko huo akauita Bartitsu, kwa kuunga jina lake na jujutsu, akafungua klabu Shaftesbury Avenue, na akawaleta vijana wa Kijapani kufundisha. Wawili kati yao waliacha alama kubwa: Yukio Tani, aliyefika akiwa na umri wa miaka 19, na Sadakazu Uyenishi.

Mwaka 1899 Barton-Wright alieleza sanaa yake katika jarida la Pearson's, na hapo aliweka kanuni tatu ambazo nitazitumia kukipima kisa hiki. Kwanza, mtoe adui kwenye mizani yake, ayumbe. Pili, mshtukize kabla hajasimama sawasawa na kutumia nguvu zake. Tatu, ikilazimu, viweke viungo vyake kwenye mkao ambao hata mtu mwenye nguvu kupita kiasi hawezi kuustahimili, kifundo, kiwiko, bega. Ukizisoma kwa makini utaona mbili za kwanza zinahusu muda. Nguvu za adui zipo palepale. Unachofanya ni kumnyima nafasi ya kuzitumia.

Klabu yake haikudumu. Ilikuwa ya gharama, wanachama wake wengi walikuwa maofisa wa jeshi na watu wa tabaka la juu, na kufikia mwaka 1902 ilikuwa imefungwa. Lakini Wajapani walibaki. Tani alipanda majukwaa ya burudani na kuahidi fedha kwa yeyote atakayestahimili dakika kadhaa mbele yake, na mabaunsa wa mijini walipigwa mtama mmoja baada ya mwingine na mtu mdogo kuliko wao. Uyenishi akafungua shule yake Golden Square, katikati ya London. Kisha vita vya Urusi na Japani vya 1904 na 1905 vikakifanya kila kitu cha Kijapani kitamaniwe Ulaya.

Kwa Uyenishi ndiko alikosomea Edith Garrud. Alizaliwa Bath mwaka 1872, akaolewa na William Garrud, mwalimu wa mazoezi ya viungo, ngumi na mieleka, na wote wawili wakawa wanafunzi wa Golden Square. Uyenishi alipoondoka Uingereza mwaka 1908, William aliichukua shule na Edith akawa mwalimu wa wanawake na watoto. Muda si mrefu alikuwa akifundisha wanachama wa vyama vya kudai kura, na mwaka 1909 alifanya maonyesho mbele ya WSPU. Mwezi Julai 1910 jarida la vichekesho la Punch lilichora mwanamke mdogo amesimama peke yake, polisi wakubwa wakijibanza na wengine wakining'inia juu ya uzio. Mchoraji alikusudia kuchekesha. Wanawake wengi walioiona walitamani kujifunza.

Na miezi minne baadaye haja ya kujifunza ikawa si mzaha tena. Ijumaa ya tarehe 18 Novemba 1910, wanawake wapatao 300 waliandamana kwenda Bungeni baada ya Waziri Mkuu Asquith kuuzima muswada ambao ungewapa kura baadhi yao. Kwa takriban saa sita polisi na wahuni waliwapiga, waliwasukuma, waliwatupa chini, waliwashika matiti na kuwapandisha sketi mbele za watu. Taarifa za maandishi za ushahidi zilizokusanywa baadaye zilifika 135. Karibu zote zilieleza kupigwa, na 29 kati yake zilieleza udhalilishaji wa kijinsia. Siku hiyo ikapewa jina la Ijumaa Nyeusi. Waziri wa Mambo ya Ndani wakati huo, Winston Churchill, alikataa kuunda tume ya uchunguzi.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu wapo wanaozisimulia habari za walinzi wa Pankhurst kana kwamba wanawake walianza kubeba virungu kwa kupenda shari. Mpangilio wa matukio unasema vingine. Walipigwa kwanza, hadharani, na watu wenye jukumu la kuwalinda. Hakuna aliyeadhibiwa. Ndipo wakaanza kubeba virungu.

Walifunzwa kwa siri, katika kumbi zilizobadilishwa mara kwa mara kwa sababu wapelelezi waliwafuata. Walijifunza kuanguka bila kuumia, kumnasa mtu kifundo cha mkono, kutumia kasi ya anayekuja kumwangushia hukohuko alikokuwa akienda. Walijifunza pia kutumia virungu vyenye shingo nyembamba na tumbo nene, vile vya mazoezi ya viungo vilivyotoka India na kupendwa sana Uingereza enzi hizo. Wapo waliovaa karatasi ngumu chini ya nguo kukinga mbavu. Na Sylvia, binti wa Pankhurst, aliwahimiza wanawake wa mashariki ya London mwaka 1913 wajifunze jujutsu, akiwaambia kwamba polisi wenyewe wanaijua.

Campden Hill, wiki nne kabla

Sasa turudi nyuma kidogo, Jumanne ya tarehe 10 Februari 1914. Pankhurst alikuwa ndani ya nyumba moja Campden Hill Square, magharibi ya London, polisi nje. Jioni akatokea roshani na kuhutubia umati uliojaa uwanjani. Aliwakejeli waliomfunga, akatangaza kwamba anashuka, anakuja katikati yao.

Mlango ukafunguliwa. Akatoka mwanamke mwenye umbo dogo, uso umefunikwa kwa shela, amezungukwa na walinzi. Polisi wakawavamia. Mwanamke yule akapigwa rungu la kichwa, akaanguka amezimia, akanyanyuliwa na kupelekwa kituoni kwa shangwe. Kituoni wakafunua shela. Hakuwa Pankhurst. Pankhurst mwenyewe, wakati wote wanakimbizana na kivuli chake, alikuwa ametoka nyumbani na kutoweka.

Siku chache baadaye, mwezi huohuo, alihutubia kutoka nyumba nyingine, Chelsea, na safari hiyo pia akaondoka chini ya ulinzi wa wanawake haohao.

Tazama kilichofanyika Campden Hill kwa kanuni za Barton-Wright. Polisi walitolewa kwenye mizani, kwa kuwa nguvu zao zote zilivutwa kuelekea mtu asiye sahihi. Walishtukizwa, kwa kuwa walipogundua walikuwa wameshafika kituoni. Na hawakuweza tena kusimama sawasawa, kwa sababu mtu wao hakuwepo. Hii ilikuwa jujutsu iliyochezwa na kikundi kizima dhidi ya kikosi kizima. Mapigano yalikuwepo, watu waliumia, yule mwanamke wa shela aliumia vibaya. Lakini mapigano yalikuwa pazia. Kazi yenyewe ilifanyika nyuma ya pazia.

Glasgow ilivyokwenda kombo

Glasgow ilianza vizuri kuliko Campden Hill. Kuupita ukuta wa polisi kwa kukata tiketi ni kitendo safi cha kanuni ya kwanza na ya pili kwa pamoja. Polisi walikuwa wakimtafuta mtu anayejificha, na mtu akapita wazi. Alipofungua mdomo jukwaani, wao ndio walioyumba.

Kasoro ilianzia hapo, kwa sababu baada ya mshtuko hapakuwa na hatua ya pili. Aliendelea kusimama palepale, mahali palipojulikana, mbele ya macho ya kila mtu. Katika jujutsu, ukishamyumbisha mtu una nusu pumzi ya kummaliza au kuondoka. Ukisubiri, atasimama, na akisimama uzito wake unarudi kuwa uzito. Polisi wa Glasgow walipewa muda wa kusimama. Walijikusanya, wakapata amri, wakaingia kwa wingi na kwa mwelekeo mmoja. Tangu dakika hiyo lilikuwa pambano la idadi na misuli, yaani pambano ambalo sanaa nzima ya Garrud ilibuniwa ili usijikute ndani yake.

Na jukwaani jujutsu ilikosa mahali pa kuchezewa. Kumtupa mtu kunahitaji nafasi ya kugeuka, na nafasi ile ilijaa viti, meza, vyungu vilivyovunjika na wenzako. Inahitaji pia kwamba ukishamwangusha mmoja upate kuondoka. Pale ukimwangusha mmoja, nyuma yake yupo wa pili na wa tatu, nawe huwezi kuondoka kwa sababu unayemlinda yuko nyuma yako. Ndiyo maana simulizi za usiku ule zimejaa virungu, seng'enge na vyungu, na mitupo ya jujutsu huisikii ikitajwa kwa uzito uleule. Silaha zilichukua nafasi ya sanaa, na kwenye silaha polisi walikuwa wengi na wazoefu zaidi.

Hata seng'enge, ambayo wasimuliaji wanaipenda kuliko kitu chochote, naiona ilikuwa na sura mbili. Iliwachelewesha polisi, hilo ni kweli, na yaliyowakuta mikono yao si madogo. Lakini mtu anayezungusha seng'enge kwenye jukwaa ameshaamua kwamba atabaki jukwaani. Ni maandalizi ya kuzingirwa. Walinzi waliofaulu kwa kuhama wakajijengea ngome, na ngome ikawashika wao pia.

Nimejiuliza kwa nini wanawake werevu namna ile walichagua hivyo, na sidhani ni uzembe. Campden Hill hotuba ilikuwa fupi, kisha kazi ikawa kutoroka. Glasgow, hotuba ndiyo iliyokuwa kazi. Pankhurst alikwenda kusema jambo maalumu siku maalumu. Alasiri ya siku hiyohiyo, huko Bungeni London, Asquith alikuwa amependekeza kwamba majimbo ya Ulster, kaskazini mwa Ireland, yaruhusiwe kujitenga kwa miaka sita na mpango wa Ireland kujitawala. Alifanya hivyo akisukumwa na wanaume wa Ulster waliokuwa wameunda jeshi lao la kujitolea na kutishia vita, viongozi wao wakitembea huru. Pankhurst aliuambia umati wa Glasgow kwamba siku hiyo Bunge limeshuhudia ushindi wa fujo za wanaume. Maneno yake yalitaka hadhira kubwa, na yalitaka yasemwe usiku uleule.

Hapo ndipo matakwa mawili yaligongana. Mwanasiasa alihitaji kusimama mahali pamoja na kuonekana. Mlinzi alihitaji asisimame na asionekane. Campden Hill waliyapatanisha kwa roshani na shela. Glasgow mwanasiasa alipewa kila kitu na mlinzi akabakiwa na rungu. Kama walikuwa na mpango wa kumtoa Pankhurst ukumbini baada ya sentensi zake kumi za kwanza na kumwachia mwingine aendelee, mwenendo wa matukio hauuonyeshi.

Wapo watakaosema kwamba kukamatwa kwake mbele ya maelfu kulikuwa na faida kuliko kutoroka, na kwamba pengine ndicho walichotaka. Nusu ya hoja hiyo naikubali. Faida ilikuwepo. Lakini wanawake wanaotaka kiongozi wao akamatwe hawasafiri usiku kucha na virungu ndani ya nguo, na hawafungi miiba chini ya maua.

Gharama iliyowafuata polisi

Faida hiyo ilianza kuonekana kabla Pankhurst hajazoea seli. Waliohudhuria St Andrew's hawakuwa wanaharakati peke yao. Walikuwemo raia wa kawaida na watu wenye hadhi mjini, waliomwona mwanamke mgonjwa wa miaka 55 akiburutwa na wanaume kadhaa. Malalamiko dhidi ya polisi yalimiminika na uchunguzi ukadaiwa. Helen Crawfurd, mke wa mchungaji aliyekuwepo ukumbini, alivunja madirisha ya ofisi ya kuandikisha wanajeshi mjini humo mara baada ya tukio na akafungwa. Mwezi mmoja tu kabla, mwanamke wa kwanza kulishwa kwa nguvu katika jela za Scotland, Ethel Moorhead, alikuwa amepitia mateso hayo mjini Edinburgh, kwa hiyo Scotland ilikuwa tayari na kidonda.

London jibu lilikuwa kali zaidi. Asubuhi ya tarehe 10 Machi, Mary Richardson aliingia National Gallery na shoka dogo la jikoni na kuikatakata picha ya Venus iliyochorwa na Velázquez. Alieleza kwamba ameharibu sura ya mwanamke mzuri kuliko wote wa hadithi za kale kwa sababu serikali inamwangamiza Pankhurst, mwanamke mwenye tabia njema kuliko wote wa zama zake. Alihukumiwa miezi sita. Sishangilii kuharibiwa kwa picha ile, lakini tukio hilo haliwezi kutenganishwa na Glasgow. Serikali ilimpata mtu mmoja jioni, na asubuhi ilikuwa na moto mwingine wa kuzima.

Na huyo mtu mmoja hawakukaa naye. Pankhurst aligoma kula na kunywa, na baada ya siku chache, kwa mujibu wa sheria yao wenyewe, wakamwachia. Tarehe 21 Mei alikuwa mbele ya kasri la Buckingham akiongoza ujumbe kwa Mfalme, akakamatwa tena. Mwezi Agosti vita vikaanza Ulaya, wafungwa wa kudai kura wakaachiwa, chama kikasitisha harakati na kikosi cha walinzi kikavunjwa. Mwaka 1918 wanawake wenye miaka 30 na zaidi waliotimiza masharti ya mali walipata kura. Usawa kamili na wanaume ulikuja mwaka 1928.

Edith Garrud aliendelea kufundisha pamoja na mumewe mpaka miaka ya 1920, akafariki mwaka 1971 akiwa na umri wa miaka 99. Barton-Wright alikuwa amekufa miaka 20 kabla yake, fukara, bila kuona klabu yake ikifufuka.

Walimu wa kujilinda wanaokifundisha kisa cha Glasgow ningewaomba watangulize kile cha Campden Hill, na waviweke viwili hivyo mbele ya wanafunzi siku moja. Wanafunzi walewale wa Garrud, mafunzo yaleyale, mwanamke yuleyule wa kulindwa. Waulizwe kila usiku walinzi walikuwa na sekunde ngapi kati ya kumyumbisha adui na adui kusimama tena, na zilitumiwa kufanya nini.